Miwani Ikaayo Puani: Hotuba juu ya Macho ya Watoto Wenye Hali ya Down

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Jumuiya, wazazi na waalimu wa chuoni.)



Katika chuo cha Kurani mtoto hufundishwa kwanza herufi. Be, te na the zina umbo moja. Kinachozitenga ni nukta tu: moja chini, mbili juu, tatu juu. Jimu, ha na kha ni vivyo hivyo. Mtoto asiyeziona nukta hawezi kuzitambua herufi hizo, hata awe na akili ya namna gani, na hata mwalimu wake awe hodari wa namna gani. Basi na afikiriwe mtoto wa miaka sita mwenye hali ya Down, amekaa mkekani, juzuu imefunguliwa mbele yake, mwalimu anamwonyesha herufi kwa kijiti, naye ama hunyamaza ama hukisia. Husemwa nini juu yake? Husemwa ya kuwa watoto wa namna hii hawafundishiki. Ni kweli ya kuwa mtoto huyu hujifunza polepole kuliko wenziwe. Lakini kabla ya neno zito kama hilo kutamkwa, yafaa iulizwe kama nukta anaziona. Mara nyingi hazioni. Na kama amekwisha pewa miwani, yafaa iulizwe jambo la pili, nalo ndilo shina la hotuba hii: miwani ile imekaa wapi? Imekaa mbele ya macho, au imeteremka mpaka ncha ya pua, naye anatazama juu yake kama mzee asomaye gazeti barazani?

Hali ya Down si maradhi ya kuambukizwa, wala si adhabu, wala haikuletwa na jicho baya au chakula alichokula mama alipokuwa mja mzito. Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe ndogo zisizohesabika, na ndani ya kila chembe mna nyuzi ziitwazo kromosomu, ambazo kwa kawaida ni 46. Mtoto mwenye hali hii aghalabu ana 47, kwa kuwa ile ya 21, ambayo kwa watu wengine ni mbili, kwake ni tatu. Habari hiyo ilitangazwa katika Ufaransa mwaka 1959 na Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin. Watoto hawa wako katika kila taifa na kila kabila, takriban mmoja katika kila watoto 700 mpaka 1,000 wazaliwao.

Lakini sura yao ilikuwa imekwisha andikwa zamani na tabibu Mwingereza, John Langdon Down, katika mwaka 1866, alipokuwa msimamizi wa nyumba ya Earlswood katika Surrey. Aliandika ya kuwa uso wao ni mpana na bapa, pua yao ni ndogo, na macho yao yamekaa mshazari. Kwa bahati mbaya akawafananisha na watu wa Mongolia na kuwapa jina lao. Na jina hilo lisilofaa likadumu karibu miaka mia, hata kundi la wataalamu likaomba liachwe katika 1961, na Shirika la Afya Duniani likaacha kulitumia katika 1965, baada ya Wamongolia wenyewe kulalamika. Jambo hili lina ajabu yake. Matabibu waliutazama uso wa mtoto huyu kwa bidii hata wakampa jina baya kwa ajili yake. Na huku ilipita zaidi ya karne moja kabla ya watengenezaji wa miwani kuifikiria pua ile.

Ama macho yenyewe, zaidi ya nusu ya watoto wenye hali ya Down wana kasoro fulani. Wengine wana makengeza. Wengine macho huchezacheza pasipo wao kutaka. Wengine mfereji wa machozi umeziba, au kope huwasha na kufanya magamba. Wachache huzaliwa na mtoto wa jicho, na hao wapelekwe hospitali upesi sana. Lakini kasoro iliyo kubwa kwa wingi wake ni ile itakayo miwani. Watoto wengi, hata wasio na hali hii, huzaliwa na jicho lisilolenga sawasawa; kisha katika miaka ya kwanza jicho hukua na kujirekebisha lenyewe. Kwa mtoto mwenye hali ya Down marekebisho hayo mara nyingi hayatokei, na kasoro hubaki, pengine huzidi. Kwa sababu hiyo chama cha madaktari wa watoto cha Marekani huagiza kuwa mtoto huyu apelekwe kwa daktari wa macho kabla hajatimiza miezi sita, bila ya kungoja ishara yo yote.

Wala mzazi asidhani ya kuwa mtoto asiyejua kusema hawezi kupimwa. Mpimaji hodari humulika mwanga ndani ya jicho, akautazama jinsi unavyorudi, akabadili vioo mbele ya jicho hata akapata kipimo. Mtoto hahitaji kutamka hata neno moja. Mpimaji amwambiaye mzazi, "Mrudishe akishajua kusoma," amempotezea mtoto miaka ile ile ambayo jicho na ubongo hufundishana kazi.

Kazi kubwa juu ya habari hizi imefanywa katika Chuo Kikuu cha Cardiff, katika Wales. Huko mtaalamu Maggie Woodhouse na wenziwe, tangu miaka ya 1990, waliwafuata watoto wenye hali ya Down mwaka hata mwaka na kuwapima macho. Wakaona ya kuwa takriban robo tatu ya watoto hao hawawezi kulenga vizuri kitu kilicho karibu. Jambo hili lataka kuelezwa kidogo. Mtu akifika miaka hamsini huona taabu kutunga sindano, na hakuna anayeshangaa. Kioo cha ndani ya jicho kimekuwa kigumu kwa umri. Lakini mtoto hudhaniwa ya kuwa karibu anaona daima, kwa hiyo hapimwi kwa karibu. Hupimwa kwa ubao ulio mbali, akapewa miwani ya mbali, akarudishwa darasani mbele ya kitabu asichokiona. Huyu wa hali ya Down, katika jambo hilo moja la kutazama karibu, ni mzee wa miaka hamsini aliye katika mwili wa mtoto wa miaka mitano. Basi Cardiff wakajaribu kuwapa watoto miwani ya nguvu mbili kama wavaayo wazee, juu ya mbali na chini ya karibu. Ikawafaa. Tena wengine wao, baada ya kuivaa kwa muda, walianza kulenga karibu wenyewe hata wakitazama kwa sehemu ya juu, na baadhi wakaweza kurudi kwenye miwani ya kawaida.

Mzazi atakayekwenda kwa mpimaji na achukue swali hili moja, kama hana jingine: "Je, umempima na kwa karibu?"

Lakini miwani ya nguvu mbili ina sharti. Kwa mzee, mstari wa sehemu ya chini huwekwa usawa wa ukope wa chini, kwa kuwa mzee ajua kuinamisha macho kuutafuta. Kwa mtoto, mstari huwekwa juu zaidi, usawa wa katikati ya mboni, apate kuutumia pasipo kufundishwa. Miwani hiyo ikiteleza milimita chache tu, mstari umeshuka, na mtoto anasoma kwa kioo cha mbali. Ikiteleza zaidi, anasoma bila ya kioo cho chote. Fedha imetolewa, safari imefanywa, miwani iko usoni na kila mtu anaiona, na nukta za te bado hazionekani. Ndipo husemwa ya kuwa hata miwani haikumsaidia.

Sasa yafaa itazamwe sababu ya kuteleza, maana wengi humlaumu mtoto. Miwani husimama juu ya nguzo tatu, pua na masikio mawili, na pua ndiyo ibebayo sehemu kubwa ya uzito. Mwanzi wa pua ya mtoto mwenye hali ya Down ni mfupi na bapa. Pale ambapo fremu ya kawaida hutafuta mwinuko wa kukalia, yeye ana tambarare. Basi fremu hushuka mpaka ikutane na nyama ya ncha ya pua, na huko ndiko ikaako. Pia kope zake huwa karibu mno na vioo, zikavichafua kila apepesapo. Masikio yake ni madogo, nayo yamekaa chini kidogo kuliko ilivyo kwa watoto wengine. Na upana wa uso wake penye mapanja ni mkubwa ukilinganishwa na pua yake.

Hapo ndipo fundi wa miwani anapokwama. Akichagua fremu ndogo iliyo sawa na pua, mikono ya fremu hubana mapanja, ikatanuka, na kule kutanuka huisukuma miwani mbele mpaka ianguke. Akichagua fremu kubwa iliyo sawa na mapanja, pua huelea katikati, macho hayawi tena katikati ya vioo, na mikono ni mirefu kupita kiasi, hata pindo lake lililopaswa kushika nyuma ya sikio huning'inia nyuma ya kichwa bila ya kushika kitu. Tena vioo vya watoto hawa mara nyingi ni vizito kwa kuwa nguvu yake ni kubwa, na uzito wote uko mbele. Mtaalamu wa miwani wa Uingereza, Alicia Thompson, alizipima nyuso za watoto wengi, wenye hali ya Down na wasio nayo, akaonyesha kwa vipimo mambo ambayo wazazi waliyajua kwa macho: fremu nyingi za watoto ni fremu za watu wazima zilizopunguzwa, na uso wa mtoto si uso wa mtu mzima uliopunguzwa, na wa mtoto mwenye hali ya Down una vipimo vyake tena.

Katika jimbo la Ohio, Marekani, palikuwa na fundi wa miwani, Maria Dellapina, aliyejaliwa binti mwenye hali ya Down. Huyu alikuwa ndani ya kazi yenyewe. Fremu za kila namna zilipita mikononi mwake. Na hata hivyo hakupata moja ya kumkaa mwanawe. Akachora ya kwake. Kile kiungo cha katikati kipitacho juu ya pua alikishusha chini kwenye fremu, ili fremu iegemee pua pale chini ilipo na huku vioo vibaki juu, mbele ya macho. Mikono nayo akaifunga chini zaidi na kuifupisha, ifuate masikio yaliyo chini, na upana wa penye mapanja akauongeza. Katika miaka ya 2000 fremu hizo zikaanza kuuzwa kwa jina la Specs4Us, na baadaye watengenezaji wengine wakatoa fremu ambazo vipande vyake vya puani na urefu wa mikono vyaweza kusogezwa kwa kadiri ya mtoto. Mtu akiuangalia mchoro ule huona ni jambo dogo: milimita kadhaa huku, milimita kadhaa kule.

Si kila mzazi wa nchi hizi atakayeweza kuagiza fremu kutoka ng'ambo, wala si lazima angoje mpaka aweze. Fundi mwenye mikono na subira aweza kufanya mengi kwa fremu iliyo kabatini mwake. Kwanza, fremu ya plastiki yenye pua iliyochongwa moja kwa moja haifai kwa wengi wao, isipokuwa iwe imechongwa chini. Bora ni fremu ya chuma chepesi iliyo na vipande viwili vya puani juu ya vijiti vyembamba. Vijiti hivyo hukunjwa kwa koleo ndogo, vipande vikasogezwa ndani na chini, mpaka vyote viwili vimeigusa pua kwa ubapa wake wote, si kwa ukingo. Vipande vya silikoni, vilivyo laini na vipana, hushika vizuri zaidi kuliko vya plastiki ngumu, hasa katika nchi za joto ambako pua hutoa jasho. Pili, mikono. Fundi na atie alama pale hasa sikio linapoanza, apashe moto mkono wa fremu, aunyoshe pindo la zamani, apinde upya penye alama, na akate ziada. Kazi hii ni ya dakika chache, na ajabu ni kwamba wengi hawaifanyi. Kwa mtoto mdogo sana ipo mikono ya waya laini iliyozunguka sikio lote, na zipo fremu za mpira laini zisizo na bawaba wala chuma. Vioo navyo viwe vya plastiki nyepesi isiyovunjika, wala si vya kioo halisi. Na fremu iwe ya mviringo mdogo, kwa kuwa kadiri kioo kilivyo kidogo ndivyo kilivyo chembamba na chepesi. Akiwa mtoto ana na chombo cha kusikilizia nyuma ya sikio, kama walivyo baadhi yao, basi kipelekwe pamoja naye siku hiyo, maana vitu viwili vitagombea mahali pamoja.

Kuna desturi ya kufunga miwani kwa mpira nyuma ya kichwa. Mpira una kazi yake: huizuia isianguke sakafuni. Lakini hauwezi kuipa pua mwinuko isiokuwa nao. Ukikazwa sana, vioo hugandamana na kope na mashavu, na mtoto huichukia miwani kwa haki. Mpira usiwe dawa ya fremu isiyomkaa.

Mzazi asiondoke dukani kabla hajapima mwenyewe. Na achutame, uso wake uwe sawa na uso wa mtoto, aangalie kama mboni ziko katikati ya vioo. Kisha mtoto apewe kitu cha kuchezea chini, mkekani, ainame, atikise kichwa, acheke, kwa kuwa mashavu ya mtoto acheKapo huinua fremu iliyo kubwa. Mtoto aliyekwisha kufundishwa kusali na arukuu na kusujudu pale pale: miwani ikimwanguka katika sijida ya kwanza, fundi hajamaliza kazi. Baada ya nusu saa ivuliwe, ikaguliwe ngozi ya pua, ya mapanja na ya nyuma ya masikio. Alama nyepesi iliyo sawa pande zote mbili haina neno. Shimo lililozama, au la upande mmoja, lina neno. Kwa mtoto mweusi wekundu hauonekani upesi. Basi mahali hapo papapaswe kwa kidole.

Litakuja neno lisemwalo mno madukani na majumbani: "Mtoto hataki miwani." Huenda hataki. Watoto hawa wengine huudhika upesi kwa kitu kigeni kiguswapo usoni. Lakini yule ambaye maneno bado hayajamjia, au humjia kwa shida, hana njia nyingi za kusema ya kuwa pua inamuuma, au nyuma ya sikio pamechubuka, au vioo vimekosewa na dunia imepinda. Njia yake ni kuivua na kuitupa. Kila aivuapo asichukuliwe kuwa mkaidi mpaka mambo matatu yamechunguzwa kwa mpango huu: fremu imekaaje, kipimo ni sahihi, vioo ni safi. Yote yakiwa sawa, ndipo azoezwe: dakika chache kwanza, wakati wa jambo alipendalo na lililo karibu, picha au chakula au uso wa mama yake, kisha muda uongezwe siku kwa siku. Wengi huzoea, na huja siku mtoto akaitafuta mwenyewe aamkapo. Macho yake asiachwe kuyasugua kwa nguvu, hata akizoea miwani, kwa kuwa wenye hali ya Down huelekea zaidi kupata ugonjwa wa uwazi wa mbele wa jicho kuchongoka, ambao miwani haiutibu.

Liko na suala la fedha, nalo si dogo. Katika Uingereza mtoto aliye chini ya miaka 16 hupimwa macho bila ya malipo na kupewa hati ya kusaidia bei ya miwani. Huku mzigo mara nyingi ni wa mzazi mwenyewe, na fremu huvunjika, na uso hukua. Miwani moja haimchukui mtoto miaka mitatu. Jumuiya haina haja ya kujenga hospitali kwa ajili ya jambo hili. Kasha moja la fremu za mfano, za chuma na za mpira, za upana mbalimbali na mikono ya urefu mbalimbali, likiwekwa kwa fundi mmoja aliye tayari, litawawezesha wazazi wa mji mzima kujaribu kabla ya kulipa. Fremu ambazo mtoto mmoja amezizidi kwa ukuaji na zirudishwe kashani, zioshwe, zitiwe vioo vya mwingine. Katibu na aweke daftari la kuonyesha ni nani alirekebishiwa lini, kwa kuwa kila miezi mitatu hivi fremu yafaa kurudishwa kwa fundi ikazwe, hata kama mzazi haoni kasoro. Na mtoto apimwe macho upya kila mwaka.

Na waalimu wa chuoni, ambao hukaa na mtoto saa nyingi kuliko fundi na kuliko daktari, na waelezwe wazi miwani ile ni ya kazi gani: ya kusoma tu, au ya mchana kutwa. Mtoto aketishwe mbele, mwanga utoke nyuma yake, herufi ziandikwe kubwa na nyeusi, na nukta zitiwe wino wa kutosha. Akitawadha, miwani iwekwe mahali palipojulikana, wala isiachwe ukingoni mwa birika. Akiivua mara tatu katika somo moja, mwalimu asimkemee. Na amtazame kwanza pua, kisha nyuma ya masikio, na akiona alama amtumie mzazi habari siku hiyo hiyo, kabla ya somo la kesho.